Kwa Kitaliano, Peperoni ni Hoho

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi vijana wa jikoni mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kabla sijaanza kuyasahau. Nadhani mlitaka vipimo. Vipimo vimo kwenye daftari lililo juu ya friji ya maziwa. Kurasa zimegandana kwa mafuta lakini zinasomeka. Hapa nitaandika yasiyomo kwenye daftari. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa wengi wenu mna Kiswahili cha namna fulani, cha Lubumbashi, cha Mombasa, cha Bujumbura, na kwa kuwa kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya kwa Kiswahili.

Nilitoka Tanga na cheti cha kidato cha nne na shati moja la heshima. Nilifikia Jeppestown, chumba kilicho juu ya gereji ya kunyoosha bodi za magari. Asubuhi niliamshwa na nyundo, na mpaka leo nikiota Johannesburg ya wakati ule, naota nyundo zikigonga polepole, kama vile mtu anatengeneza jua. Kazi niliipata kwa mama mmoja wa Kitaliano, mjane, aliyekuwa na mgahawa wa meza kumi na nne upande wa mashariki wa jiji. Tulimwita Sinyora. Alitaka mwosha vyombo. Niliosha vyombo kwa nusu siku, kisha mkata mboga hakutokea.

"Salimo!" aliniita. Jina langu ni Salimu, lakini kwake kila mwanamume aliishia na o. Akaniwekea kreti mezani. "Peperoni."

Nikachungulia. Zilikuwa pilipili hoho, nyekundu na za njano, kubwa kama ngumi. Nikacheka.

"Unacheka nini?"

"Kwetu hizi ni pilipili, Sinyora. Pilipili, peperoni. Ni kama ndugu."

Akanitazama kwa makini. "Basi mshike ndugu yako, umchome."

Alinifundisha kuchoma hoho juu ya moto wa gesi mpaka ngozi iwe nyeusi kabisa, kuzitia kwenye sufuria na kuzifunika zitoe jasho, kisha kuzimenya kwa vidole bila kuziosha, maana maji huondoa moshi, na moshi ndio utamu wenyewe. Nilimenya mpaka saa tisa, wakati mvua ya radi inapoiangukia Johannesburg miezi ya joto. Taa zilizimika, tukabaki na mwanga wa majiko tu, buluu, na zile hoho zilizomenywa zikilala kwenye sinia kama ndimi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kazini tena. Nilikuwa nimejifunza neno moja la Kitaliano, na nikaamini kwamba neno nikishalijua nimelijua milele.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kujifunza kupunguza. Sinyora alipika kama mtu anayefunga mzigo wa safari: kila kitu kisicho lazima kilibaki nyumbani. Tambi zake pana alizitia siagi, jibini na maji kidogo ya kuchemshia tambi, akazigeuzageuza mpaka mchuzi ukajitokeza wenyewe. Malai, krimu ya maziwa, hakuitia hata tone. Mabiringani aliyapanga tabaka kwa tabaka na nyanya na jibini, na sahani hiyo haikuhitaji nyama. Vidonge vya nyama ya kusaga alivipika pia, lakini vilikuja peke yao, kwenye sahani yao, tambi zikishaliwa na kuondolewa mezani. Mteja mmoja aliomba viwekwe juu ya tambi. Sinyora akamletea mwenyewe, akasimama pembeni mpaka yule bwana akamaliza, kama muuguzi anayehakikisha dawa imemezwa.

Kuhusu maji, lisikieni hili kwa kuwa halimo kwenye pakiti. Jiji hili liko juu sana, na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Sinyora alikuwa akiinama juu ya sufuria na kuyaambia, "Waongo ninyi." Ongezeni dakika mbili au tatu, kisha onjeni. Sufuria inayotoa mapovu si lazima iwe tayari. Nilichelewa kuielewa maana ya jambo hilo nje ya jikoni.

Kuhusu nguruwe tulikuwa na makubaliano. Nilimwambia wiki ya kwanza kwamba mimi ni Mwislamu, simgusi. Hakubishana. Nyama hiyo ilikaa kwenye friji yake karibu na mlango wa nyuma, na ubao wake na kisu chake chenye mpini mwekundu, na mwenye kuishughulikia alikuwa Papa Mulamba, Mkongomani wa Lubumbashi, mtu mnene mwenye sauti nyororo. Mimi nilijizoeza hata kutoitazama ile friji. Nilipita mbele yake kila siku uso umeelekea ukutani. Niliona ni uchaji Mungu.

Habari zikaenea kwamba kuna Mtanzania anapika kwa Wataliano na hana mchezo na haramu. Watu wetu wakaanza kuniuliza. Kaka Salimu, biskuti hizi zina mafuta ya nini? Kaka Salimu, jeli hii? Nilisoma vibandiko, niliuliza, nilijibu. Sikuwa sheikh wala mfanyabiashara, na chumba changu kilinuka rangi ya magari, lakini neno langu lilikuwa na uzito. Nililipenda hilo kuliko nilivyokiri.

Kati ya walionitegemea alikuwa dada Zuhura. Ni mwenyeji wa Morogoro. Aliolewa huko na kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na nchi ilipofunguka wakarudi pamoja mpaka Soweto. Mumewe alifariki mapema. Zuhura akabaki na wakwe, nyumba ya vyumba vinne, na binti mmoja, Nomvula. Wakwe walikuwa watu wema lakini watani, wakimwita makoti, mke wa mwana. "Makoti, kipande kimoja tu cha nguruwe, nani atakuona?" Kila sikukuu, utani ule ule. Aliniambia mara moja, miaka ya baadaye, "Kaka, lugha yangu mtoto haisemi, nguo zangu nimebadili, hata jina wananiita la mtoto. Kilichobaki changu ni hiki nisichokula." Alisema akicheka. Mimi pia nilicheka.

Sinyora alipozeeka, mpwa wake akaja kutoka Amerika kuushika mgahawa. Aliitwa Rico, alizaliwa huko huko, na Kitaliano chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Alibadilisha orodha ya vyakula kwa wiki moja. Tambi za siagi zikamiminiwa malai mpaka zikaelea. Mabiringani yakaondolewa, kuku wa kukaangwa akalazwa mahali pake chini ya blanketi lile lile la nyanya na jibini. Vidonge vya nyama vikapanda juu ya tambi, vikubwa kama mipira ya tenisi. Mkate ukapakwa siagi na vitunguu saumu. Sinyora alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaonja kila kitu, akafuta midomo.

"Ni wajukuu zetu," aliniambia. "Wana jina letu, sura ni ya huko."

Nilimdharau Rico, na ninakiri nilikosea. Siku moja aliniambia kwamba bibi yake alikuwa akila nyama mara mbili kwa mwaka kijijini, na alipofika Amerika akaikuta rahisi, akaiweka kila mahali kwa hofu kwamba itaisha. Mimi pilau yangu ya Jeppestown naipika kwa kuku wa friji na viungo vya dukani kwa Wahindi, na shangazi yangu wa Tanga akiiona atauliza ni chakula gani. Wahamiaji hupika wakikumbuka, na kumbukumbu ina njaa yake. Kwa hiyo msiwacheke wateja wanaotaka malai. Wapeni malai. Ila mjue ni kitu gani mnachowapa, na kinaitwaje, na jina hilo lina maana gani kwa anayelisema. Hapo ndipo mimi nilipoanguka.

Kwenye orodha mpya ya Rico kulikuwa na mikate midogo ya duara, laini, iliyojazwa jibini na peperoni iliyokatwakatwa ndogo sana. Ilikuwa ikitoka kwenye tanuri mafuta mekundu yamepenya unga. Ilishughulikiwa upande wa mbele na Papa Mulamba. Mimi nilibaki kwenye majiko. Dada Zuhura alinipigia simu Alhamisi. Nomvula, miaka kumi na miwili, alikuwa amehitimu Qurani, na walimu na kina mama wa madrasa wangekuja Jumamosi kwa hitma yake. Mtoto ameomba chakula cha Wataliano.

"Nimeiona karatasi yenu mpya. Mikate hii ya peperoni, kaka, peperoni ni nini?"

Nakumbuka nilikuwa nimesimama mbele ya moto, kijiko mkononi, na nikatabasamu. Nilikuwa na miaka mingi ya kulijua neno hilo.

"Hoho, dada yangu. Kwa Kitaliano hoho ndiyo peperoni."

"Hakuna nyama?"

"Hoho na jibini."

"Basi nifungie mikate sitini."

Jumamosi jioni alinipigia tena, nyuma yake kina mama wakiimba kasida. Imekwisha yote, alisema. Hata mama mkwe amekula minne, amesema leo ndipo Waislamu wamejua kupika. "Ina ukali kidogo, tamu hiyo!" Nililala kama mtoto.

Jumanne nilikuwa nahesabu mboga. Mikate ya Rico ilikuwa inauzwa kupita kiasi, lakini kreti la hoho lilikuwa limejaa vile vile. Nikamwuliza Papa Mulamba hoho za mikate anazitoa wapi.

"Hoho gani, vieux?" Ndivyo alivyoniita siku zote, mzee, kwa Kifaransa.

"Peperoni."

Akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Vieux, ile haiko mboga. Kwa Baamerika, peperoni iko soseji. Soseji ya nguruwe." Akafungua ile friji ambayo sikuwahi kuitazama. Zilikuwa zimening'inia humo, nyekundu, nyembamba, zimepangwa vizuri. Kibandiko kilikuwa na herufi kubwa. Kidato cha nne kilinitosha kukisoma.

Nilikwenda kukaa nje kwenye ngazi. Nilijua hukumu: aliyekula bila kujua hana dhambi. Hilo lilikuwa lao, nikafurahi kwa ajili yao. Langu lilikuwa jingine. Nilipaswa kupanda teksi siku ile ile mpaka Soweto. Badala yake nikaanza kutunga namna ya kusema, na nilipokuwa bado natunga, Ijumaa Zuhura akatokea mlango wa nyuma na bakuli la visheti.

"Vya shukrani. Na wanataka tena, kaka, mikate ile ile."

"Imeondolewa," nikasema. "Tajiri ameiondoa."

Haikuwa imeondolewa. Visheti nilivila vyote. Vilikuwa vizuri sana.

Wiki chache baadaye alikuja tena, safari hii amemshika Nomvula mkono. Mtoto alikuwa na sare ya shule na uso umekunjwa. Zuhura alikuwa amekasirika kwa ile hasira inayotafuta shahidi.

"Kaka Salimu, niamulie. Tumeingia dukani, huyu ananionyesha pakiti, ananiambia, Ma, peperoni ni nguruwe, tulikula nguruwe kwenye hitma yangu. Mbele za watu! Nikamwuliza, na wewe unasoma pakiti za nguruwe za nini? Umejuaje? Nani anakulisha huko shuleni? Nimemwambia kaka Salimu amepika kwa Wataliano tangu hujazaliwa. Haya, mwambie."

Mvuke ulikuwa ukitoka jikoni nyuma yangu na kutuzunguka sote watatu. Ninauona mpaka leo. Katika ndoto unakuwa mzito zaidi, na ninajaribu kuusukuma kwa mkono ili nimwone mtoto vizuri. Lakini siku ile nilimwona vizuri kabisa. Alikuwa ananitazama machoni. Hakuwa na jeuri. Alikuwa anangoja tu mtu mzima mmoja aseme.

Nikasema, "Kwa Kitaliano, peperoni ni hoho."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Sinyora mwenyewe angeapa. Niliichagua kama fundi anavyochagua kisu.

"Umesikia?" Zuhura akamwambia bintiye.

Nomvula alinitazama kidogo zaidi. "Sharp, Anko," akasema polepole, yaani sawa, kama mtu anayefunga kitabu. Wakaondoka, mama mbele, mtoto nyuma, hawakushikana mikono.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka kumi na minane mingine. Sinyora alifariki. Rico akaondoka, akaja mwingine, na huyo akarudisha mabiringani bila kuondoa kuku, kwa hiyo mnavipika vyote viwili, na ni sawa. Nilijifunza kufunika unga kwa kitambaa kibichi miezi ya Juni na Julai, hewa inapokuwa kavu mpaka midomo inapasuka. Nilijifunza kutomwamini mtu anayesema mchuzi wake ni wa bibi yake. Kila kijana mpya niliyempokea nilimpeleka kwenye friji zote, hata ile, nikamfungulia na kumsomea vibandiko. Mlifikiri ni utaratibu wa mgahawa. Ilikuwa ni mimi nikijibu swali la mtoto kwa watu wasiokuwa yeye.

Zuhura aliendelea kuniita kaka. Nilimwona kwenye mazishi, kwenye sikukuu. Nomvula hakuja naye. "Yuko bize," alisema, au, "Unawajua watoto wa hapa." Niliwajua. Nilijua pia huyu mmoja.

Wiki ya kwanza ya kustaafu kwangu sikuwa na sufuria ya kusimama mbele yake, na mtu asiye na sufuria hulazimika kutazama pengine. Nikampigia Zuhura, nikamwomba Jumapili ambayo Nomvula angekuwepo. Alikuwepo. Ni mfamasia sasa, ana duka dogo la dawa Rosettenville, ana mtoto wa kiume aliyekuwa amelala kochini mdomo wazi. Alinisalimia kwa Kiingereza, kwa adabu.

Sikuzunguka. Nilisema mikate ya hitma ilikuwa na nguruwe, kwamba siku nilipowaambia ni hoho sikujua, na kwamba nilijua siku ya tatu baada ya hitma.

Zuhura akasema, "Hukujua. Na sisi hatukujua. Mungu anaona." Nikaona anatafuta njia ya kunisitiri, kama kawaida yake.

Nomvula akaweka kikombe chini. Alisema kwa Kiswahili, kwa shida, neno moja moja, lugha ambayo mama yake huniambia haisemi.

"Siku ile mlangoni. Mimi nimekutazama. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua."

"Nilijua, mwanangu. Na nilijua kwamba na wewe unajua."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Zuhura alikuwa akitutazama kwa zamu, na sasa uso wake ukabadilika. Nilifikiri anafikiria nguruwe. Hakuwa anafikiria nguruwe.

"Tulipofika nyumbani siku ile nilimpiga," akasema. "Kofi. Nilimpiga kwa kusema uongo juu ya mtu mzima. Na kwa mwaka mzima nilimnusa mdomo akitoka shule." Akanigeukia. "Chakula nimekusamehe, kaka Salimu, sasa hivi, mbele ya Mungu. Kofi si langu kusamehe."

"Ma," Nomvula akasema. "Ma, hayi, yeka, acha tu. Imepita."

"Haijapita. Ulihama chumba. Ukaacha kunisemesha Kiswahili. Mimi nikadhani ni mtaa umekuchukua."

Zuhura akasimama, akavuka chumba kwa yale magoti yake mabovu, akaweka kiganja kwenye shavu la bintiye, la kushoto, akakiacha hapo. Mwanamke wa miaka thelathini, mwenye duka na mtoto, alikaa wima akitazama mbele. Hakukiondoa kile kiganja. Baadaye kidogo alikiegemea.

Hawakuniambia niondoke. Walikuwa wamenisahau, na nilishukuru. Nilichukua kofia yangu. Kwetu mgeni husindikizwa, hata adui husindikizwa walau mpaka barazani, na Zuhura katika miaka yote ile hakuwahi kuniacha nitoke peke yangu. Nilifungua geti mwenyewe, nikalifunga polepole ili lisigonge, nikatembea mpaka kituo cha teksi.